Ramlo na Ayanle, Watoto Niliowatuma Ijara Wakanywe Maziwa

Ni mwaka mmoja sasa, Ramlo na Ayanle, tangu nyumba yetu ya Galbet ikose watu wa kugombana. Hakuna anayelia kwamba mwenzake amepewa kikombe cha bluu. Hakuna anayekuja jikoni mbio kushtaki kabla hajashtakiwa. Kikombe chenyewe anakinywea mdogo wenu Khadijo, ambaye sasa ana miaka miwili na nusu, na kwa kuwa hana mpinzani wala hakithamini.

Ninayeandika ni mimi hooyo yenu, mama yenu, kwa niaba ya jamaa wote. Abti yenu Abdilatif, kaka yangu, hakupenda. "Dada, hii mambo ya gazeti si ya kwetu," aliniambia. "Sisi tunasoma Kurani, tunabika chakula, watu wanakula, basi. Mtoto ni ya Mungu." Tumesoma, na abti yenu mwenyewe ndiye aliyeongoza dua. Mbuzi alichinjwa, watoto wa chuo cha Kurani wakala wakashiba. Lakini mimi ni mwalimu wa Kiswahili, mwaka wa kumi na moja huu katika shule ya msingi huko Waberi, na nina maneno yaliyobaki ambayo hayasemeki katika dua. Nimemwomba aniachie.

Ramlo, ulikuwa na miaka minane na ulikuwa mkali kuliko mimi. Ulibandika karatasi ya sheria kwenye mlango wa chumba chenu, sheria saba, na ya sita ilisema: "Hakuna kulia kabla ya kusema sababu." Jioni ulimsomea mdogo wako hadithi, na ukiona midomo yake imeanza kutetemeka uliubadilisha mwisho papo hapo. Fisi akasamehewa, mtoto akarudi kwao, wote wakala. Nilikusikia nikiwa jikoni. Nilijua kitabuni haikuandikwa hivyo, nikajitia hamnazo.

Maji ya mfereji yalipokuja, mara mbili kwa wiki, kazi ya kupanga mitungi kwenye foleni ilikuwa yako. Bila kuambiwa na mtu, ulimshikia nafasi yule mama mzee wa nyumba ya pili. Watu wakinung'unika uliwajibu, "Huyu ana mgongo." Hukusema kwamba mgongo unamuuma au umepinda, ulisema tu ana mgongo, na wakanyamaza kana kwamba wao hawana. Yeye bado anakuulizia akisahau.

Ayanle, wewe ulikuwa na miaka mitano na ulisalimia kila kitu. Mbuzi waliambiwa asalaam aleikum, paka wakaambiwa, hata punda wa mkokoteni wa maji, japo ulimwogopa na ulimsalimia ukiwa mbali. Siku moja uliingia ukihema: "Hooyo, bunda ameitikia!" Dada yako hakuinua hata kichwa kwenye daftari. "Si bunda, ni punda. Na punda haitikii." Ukaangua kilio bila kusema sababu, ukavunja sheria ya sita.

Kule dugsi, kwenye chuo cha Kurani, ulishindwa kabisa kukaa kimya, ndipo mwalimu akakupa kazi ya viatu. Ulivipanga mlangoni viwili viwili, vikitazama njia, ili mwenzako akitoka avae na kuondoka bila kugeuka. Ulivijua vyote na wenyewe. Ulijua kilichokatika kamba ni cha nani, na nani amevaa cha kaka yake. Mara moja ulirudi nyumbani peku upande mmoja. Ulisema kuna mtoto alibaki na kimoja, na kimoja si viatu, ukampa chako. Nilikukaripia siku ile. Ningejua, nisingekukaripia.

Shule zilipofunguliwa Januari niliita majina ya Gredi ya Tatu nikasoma "Ramlo Dagane" kabla sijajizuia. Kisha msichana wa dawati la mbele akasema kwa sauti ndogo, "Hayuko, mwalimu," vile wanavyosema mtu akiwa na homa. Nikaendelea na jina linalofuata. Tangu siku hiyo huwa napita njia ndefu kurudi nyumbani, kwa sababu nikifika mapema hakuna wa kumwambia avue sare.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu.

Wasomaji wa mbali huenda hawajui. Kwetu mvua ikinyesha na ng'ombe wakapata majani, watoto wa mjini hupelekwa kwa nyanya zao malishoni wakanywe maziwa. Mtoto huenda amekonda, akarudi mashavu yamejaa na vifungo vya sare havifungi. Mimi mwenyewe nilipelekwa kila mwaka, na hizo ndizo siku ninazozikumbuka kwa furaha kuliko zote za utoto wangu. Ayanle, ulikuwa ukikohoa tangu Septemba, mikono imebaki mifupa. Likizo ya Novemba ilipokaribia nilikuwa nimekwisha kuamua.

Nilimpigia simu ayeeyo yenu Abshiro, mama mzazi wa baba yenu, huko Ijara. Yeye hana simu, hutumia ya jirani yake Dubow. Nilitarajia afurahi. Akasema hapana.

"Mwaka huu wasije," alisema kwa Kisomali, nami nayaandika kama alivyoyasema. "Wametuchimbia silanga mpya hapa karibu na boma, wamechimba kwa tingatinga. Ukingo umekatika wima. Hatujazungushia miiba bado. Ndama wawili wameshaingia na hawakutoka. Waache hadi Aprili."

Silanga ni lile bwawa la kukinga maji ya mvua, kila mtu wa kwetu amekulia kando ya moja. Kwa hiyo sikusikia habari ya silanga hata kidogo. Nilisikia kwamba maziwa hayatoshi. Kwetu mtu mzima hawezi kumwambia mtu kwamba hana cha kuwapa watoto, atatafuta sababu nyingine, na mwenye adabu ataielewa bila kuuliza. Nikajiona mwenye adabu sana. Nikanunua sukari kilo kumi na majani ya chai, nikafunga vizuri, ili mfike na kitu mkononi na mama mkwe wangu asione haya.

Aabo yenu Dagane, mume wangu, ambaye huuza mbuzi kwenye soko la mifugo, alikuwa na wasiwasi wa barabara. Aliniuliza, "Mama amesemaje?"

Nikamjibu, "Anawataka."

Neno moja tu. Nililisema nikikunja nguo zenu, bila hata kumtazama.

Na wewe Ramlo, asubuhi ya kuondoka, uliniuliza kama huko kuna maji mengi. Nilicheka. Nikakuambia silanga inafika magotini tu, kwamba mimi nimeoga humo nikiwa mdogo kuliko Ayanle, na kwamba ukimshika mkono hakuna neno. Sikukudanganya. Silanga niliyoijua ilichimbwa na wazee kwa majembe na karai, ikashuka polepole ili ng'ombe aingie mwenyewe anywe, na mtoto aliweza kutembea humo hatua ishirini kabla ya kulowa kiuno. Sikujua kwamba ya mashine haishuki polepole.

Ayeeyo yenu aliwakataza kila asubuhi. Lakini wewe ulikuwa na neno langu, la hooyo na mwalimu wako.

Siku ya tisa, baada ya kukamua, ayeeyo alikuwa akifukiza vibuyu vya maziwa kwa makaa, kazi ambayo ukiiacha katikati kibuyu kinaungua. Ayanle alikuwa amekanyaga samadi na akilalamika. Ayeeyo akawaambia mngoje, atawamwagia maji ya kunawa akimaliza. Hamkungoja. Dubow alikuwa akileta ndama wake kwa njia ile, akaona viatu juu ya ukingo, vinne, viwili viwili, vikitazama njia. Aliruka na nguo zake. Ramlo, alipowatoa, mkono wako ulikuwa bado umemshika mdogo wako.

Simu ilitufikia saa nne asubuhi. Tulipanda lori la kwanza lililokubali kuelekea kusini, mimi, aabo yenu na Khadijo mgongoni. Jioni tukakuta bonde lililokuwa kavu limejaa maji. "Mwalimu, hii gari haifuki hapo," dereva aliniambia. "Maji iko juu. Hata ukilia namna gani, haifuki." Hakuwa na ubaya, alikuwa na macho mekundu yeye pia. Tulikaa hapo siku mbili. Ninyi mlikuwa mmezikwa siku ile ile ya kwanza kabla ya jua kuzama, kwa sababu kwetu maiti hacheleweshwi, wala hangojei mama.

Nilipofika siku ya tatu nilionyeshwa kwa kidole. Makaburini kwetu huingia wanaume tu, mwanamke husimama mbali. Niliona vichuguu viwili vya mchanga, vimezungushiwa miiba ili fisi wasifike. Miiba ilikuwa mingi, imefungwa vizuri sana. Ayeeyo alinishika mabega akasema, "Samir, mwanangu." Ndiyo kusema nisubiri, nivumilie.

Wanawake walijaa nyumbani kwetu Galbet kunipa pole. Walisema mtaningoja kwenye mlango wa Pepo na kunishika pindo la nguo niingie nanyi. Niliwashukuru. Kisha mmoja akauliza, "Kwani yule mzee aliwaitisha wa nini kama hawezi kuchunga?" Nikanyamaza. Mwingine akajibu, "Ndiyo uzee huo. Anataka wajukuu, halafu analala." Nikanyamaza tena. Kaka yangu alisikia, majirani wakasikia, na aabo yenu alikuwa amesimama nje ya dirisha akasikia yote.

Tangu siku ile hajaenda Ijara. Mwanzoni simu ya Dubow ikipiga alinipa mimi niongee. Baadaye akaacha kuipokea kabisa. Yeye ni mwana pekee wa mama yake, na kwa mwaka mzima mama yake amepata habari zake kwa wapita njia. Mimi niliyaona haya kila siku kwenye meza ya chakula. Nilipika, nikapakua, nikala. Darasani nimefundisha methali ya mficha maradhi kifo humuumbua mara nyingi hata nimechoka kuipigia mfano, na mfano nilikuwa mimi, nimesimama mbele yao na chaki.

Upweke una namna nyingi, wanangu. Kuna wa kuwakosa ninyi, huo nimeuzoea kidogo, hulala nami na kuamka nami. Lakini kuna wa kukaa chumba kimoja na mtu anayeniliwaza kwa jambo asilolijua. Aabo yenu alikuwa akiniambia, "Si kosa lako." Kila alipolisema nilisogea mbali naye.

Wiki tatu zilizopita nilimpigia Dubow nikamwomba ampe simu ayeeyo.

"Hooyo," nilimwambia, maana nami humwita hivyo, "mbona hukusema?"

"Kusema nini?"

"Kwamba ulikataa. Kwamba uliniambia habari ya ukingo."

Nilisikia ng'ombe, na mtu akimwita mwenzake.

"Ruqiya, Dagane nimemzaa mimi," alisema. "Angejua, angekuacha palepale mbele ya watu. Ningebaki na mwana aliyevunja nyumba yake na mjukuu asiye na mama. Mimi nimekwisha kuzeeka. Lawama nikizibeba, sitazibeba muda mrefu."

"Lakini amekutupa."

"Amekasirika. Mama hafi kwa hasira ya mwanawe."

Kisha nikamwuliza nililoogopa kuuliza mwaka mzima. Nilimwuliza mlikuwaje alipowaosha.

"Niliwaosha mimi mwenyewe," alisema. "Kwa maji ya mtungi, ya mvua niliyokinga. Ya silanga sikutaka yawaguse tena. Ramlo nywele zilikuwa zimefumuka, nikamsuka mistari mitatu. Ayanle alikuwa ameanza kunenepa. Mashavu yalikuwa yameanza kuja, na kikohozi kiliisha siku ya nne. Wallahi maziwa yalikuwa mengi mwaka ule, nilikuwa nayamwaga. Mpaka leo sijui kwa nini ulituma sukari yote ile."

Dubow akachukua simu akasema, "Mwalimu, bado uko?" Nikamwambia niko.

Alhamisi iliyopita, baada ya sala ya alasiri, niliketi na aabo yenu nikamsomea yote mliyoyasikia hapa, tangu mwanzo. Nilimsomea kwa sababu nisingeweza kumwambia kwa mdomo mtupu, karatasi ilinishikilia. Khadijo alikuwa akicheza miguuni pake. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Alikuambia ndama wawili?"

"Wawili."

"Na ukaniambia anawataka."

"Ndiyo."

Akasimama akatoka. Usiku huo alilala msikitini. Ijumaa baada ya sala alirudi kuchukua shuka na mkoba, na nje palikuwa na lori la wanunuzi wa ng'ombe linaloelekea Ijara. Abti yenu alikuwa amefika, akamwambia, "Dagane, basi hii maneno ifutwe, isitoke. Ni aibu ya nyumba." Aabo yenu alisema, "Itoke. Mama yangu amebeba aibu ya nyumba mwaka mzima, sasa ishuke." Alimbusu Khadijo kichwani. Mimi alinitazama, si kwa ubaya, si kwa wema, akapanda lori. Hakusema atarudi lini na mimi sikuona nina haki ya kuuliza.

Leo ni siku ya sita. Nimepiga hesabu ya barabara, amefika. Simu haijalia. Sijui kama nitakuwa bado mke wa mtu haya yakisomwa. Namwogopa, nampenda, na nimetua nusu ya mzigo ambao kwa mwaka mzima nilidhani ndio huzuni yenyewe. Jana nilirudi kwa njia fupi nikamvua Khadijo viatu. Kulikuwa kimya sana.

Kwa kila mwanamke aliyekaa kwenye mkeka wangu na kumnyooshea kidole mama Abshiro: aliwakataza watoto, na kabla ya hapo alinikataza mimi. Hakulala. Alikuwa kazini, akifukiza vibuyu vya maziwa ya wajukuu wake. Mkipita Ijara, mwamkieni kwa heshima yake, na mkitaka kulaumu, mimi naishi Galbet na nyumba yangu inajulikana.

Wanaowakumbuka, Ramlo na Ayanle, ni ayeeyo yenu Abshiro, aliyesema msije, akawaosha, akanyamaza. Ni Dubow wa Ijara, aliyeruka na nguo zake. Ni abti yenu Abdilatif, ambaye bado hapendi mambo ya gazeti. Ni mdogo wenu Khadijo, atakayewajua kwa kusimuliwa. Ni aabo yenu Dagane, aliyeko huko karibu nanyi. Na ni mimi Ruqiya, hooyo yenu, niliyewatuma.

Tutawakumbuka siku zote tutakazojaliwa. Na aabo yenu akisimama hapo mlipolala, mwambieni sijafunga mlango.